Utepe wa gundi na kazi zake

Tazameni meza ya mchuuzi sokoni. Pale kuna misumari, viberiti, sabuni, sindano na betri za tochi. Katikati ya vitu hivi mtaona pia rulo za utepe wa gundi. Nyingine ni nyeupe, nyingine nyeusi, nyingine za rangi ya majivu, na nyingine zaonekana kama kioo. Mtu asiyezijua husema: « Utepe ni utepe. Nipe ule wa bei ndogo. » Neno hili si la akili. Tepe za gundi zafanana kama ndugu wa nyumba moja, lakini kila moja ina kazi yake. Asiyejua kuchagua hupoteza mali yake bure, na pengine huleta hatari nyumbani. Sikilizeni kwanza habari ya mtoto mmoja.

Fundi wa haraka

Mtoto huyo alikuwa wa darasa la tano. Alipenda kutengeneza vitu vilivyoharibika, na jambo hili ni zuri. Siku moja aliona waya wa redio ya baba umechunika. Panya walikuwa wameutafuna, na shaba ilionekana ndani. Akasema moyoni: « Baba akirudi, atakuta kazi imekwisha. » Akafungua sanduku la mama, akatwaa sparadra, yaani ule utepe mweupe wa kufungia vidonda. Akauzungusha juu ya waya mara tatu. Waya ukaonekana safi. Akafurahi.

Usiku mvua ilinyesha. Maji yakapenya katika mabati, yakaanguka tone kwa tone juu ya waya. Sparadra ile ilikuwa ya kitambaa cha pamba, nayo ikanywa maji. Asubuhi dada yake mdogo alishika waya ili kuisogeza redio. Umeme ukapita katika maji, ukamshika mkono. Mtoto akalia kwa sauti, asiweze kuachilia. Kwa bahati njema mjomba wao alikuwa karibu. Hakumgusa mtoto. Alikimbilia swichi kubwa ukutani, akakata umeme, ndipo akamwinua.

Msichana alipona, lakini vidole viwili viliungua. Wakampeleka dispanseri. Mwuguzi aliweka shashi safi juu ya jeraha, kisha akaishikiza kwa vipande viwili vya sparadra vilivyobandikwa juu ya ngozi nzima. Kaka yake alisimama mlangoni, akatazama. Utepe ule ule uliomdhuru dada yake juu ya waya, sasa ulimsaidia juu ya mkono. Hapo alifahamu: kosa halikuwa la utepe. Kosa lilikuwa la mtu asiyejua kazi yake.

Utepe wa gundi ni kitu gani?

Kila utepe wa gundi una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mgongo. Mgongo waweza kuwa wa kitambaa, wa karatasi au wa plastiki. Sehemu ya pili ni gundi, mara nyingi iliyopakwa upande mmoja.

Gundi hii si kama gundi ya seremala. Gundi ya seremala ni majimaji kwanza, kisha hukauka na kuwa ngumu. Gundi ya utepe haikauki namna hiyo. Hubaki laini. Ukiibonyeza kwa kidole, hulala vizuri juu ya kitu, huingia katika vishimo vidogo vidogo ambavyo jicho halivioni, nayo hukishika. Basi, gundi ya utepe yataka mambo matatu: mahali safi, mahali pakavu, na mkono wa kubonyeza.

Fanyeni jaribio hili. Twaeni chupa mbili. Osheni moja na kuikausha vema. Ya pili iacheni na vumbi lake. Bandikeni kipande cha utepe juu ya kila chupa, kisha mvute. Mtaona tofauti upesi. Adui wa utepe ni watatu: vumbi, maji na mafuta. Kabla ya kubandika, futa kwanza.

Sparadra, utepe wa ngozi

Mwaka 1882, mjini Hamburg katika Ujerumani, mtengeneza dawa Paul Beiersdorf alipata hati ya serikali kwa ajili ya namna yake mpya ya kutengeneza plasta za dawa. Mwaka 1901 kampuni yenye jina lake ilianza kuuza sparadra nyeupe iitwayo Leukoplast. Ndani ya gundi yake walitia unga mweupe wa zinki, ili gundi isiwashe ngozi.

Katika Marekani kulikuwa na mtu jina lake Earle Dickson, aliyefanya kazi katika kampuni ya Johnson & Johnson. Mke wake Josephine alijikata mara nyingi jikoni, na si rahisi mtu kujifunga kidole kwa mkono mmoja. Mwaka 1920 Dickson alitwaa sparadra ndefu, akaweka vipande vidogo vya shashi katikati yake, akaifunika ili gundi isishikane. Toka siku ile Josephine aliweza kukata kipande na kujifunga mwenyewe. Mwaka uliofuata kampuni ilianza kuuza plasta hizo kwa jina la Band-Aid.

Mkiwa na jeraha dogo, fanyeni hivi:

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni.
Pili, osha jeraha kwa maji safi mpaka mchanga wote utoke.
Tatu, kausha ngozi kando ya jeraha, maana sparadra haishiki juu ya maji.
Nne, weka shashi safi. Usiguse kwa vidole upande utakaolala juu ya jeraha.
Tano, shikiza shashi kwa vipande vya sparadra, kimoja huku na kimoja huku.

Msizungushe sparadra kidole chote na kuikaza. Kidole chenye jeraha huvimba, lakini sparadra haivimbi pamoja nacho, nayo huzuia damu kupita. Ncha ya kidole ikiwa baridi, ikigeuka rangi au kufa ganzi, ondoeni sparadra mara moja na kuifunga upya bila kukaza. Badilisheni shashi kila siku, na kila mara inapolowa au kuchafuka.

Sparadra hufaa pia kwa mtu wa safari. Kiatu kikianza kuchubua kisigino, usingoje lengelenge. Kausha kisigino, bandika sparadra laini bila mikunjo, ndipo uendelee na safari.

Lakini yako majeraha ambayo sparadra haiyawezi. Mtu aliyeungua, mpozeni kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20, wala msibandike gundi juu ya mahali palipoungua. Aliyeungua kwa umeme, kateni umeme kwanza kabla ya kumgusa, kisha mpelekeni kwa mganga hata kama jeraha ni dogo, maana umeme waweza kuumiza ndani. Aliyeumwa na mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, na mumpeleke siku ile ile kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Aliyechomwa na msumari mguuni, aulize habari ya chanjo ya pepopunda. Aliyeumwa na nyoka, msipoteze wakati kwa kufunga, bali mpelekeni hospitali upesi. Katika mambo haya, kufunika si kuponya.

Utepe wa umeme

Zamani mafundi wa umeme walitumia utepe mweusi wa kitambaa uliotiwa mpira. Mwaka 1946 kampuni ya 3M ya Marekani ilitoa utepe wa plastiki iitwayo vinili. Utepe huu haunywi maji, huvutika, nao hauachi umeme upite. Ndio ule mweusi unaong'aa mnaouona sokoni leo.

Kazi ya waya za umeme ni ya mtu mzima anayeifahamu. Watoto, itazameni ili mjue, lakini msiifanye peke yenu. Fundi hufanya hivi. Kwanza hukata umeme, wala haamini tu neno la mtu, hupima mwenyewe. Kisha hukausha na kusafisha waya. Huanza kuzungusha utepe juu ya ganda zima, kabla ya kufika mahali palipochunika. Huuvuta kidogo, na kila mzunguko hufunika nusu ya ule uliotangulia. Huendelea mpaka kufika juu ya ganda zima la upande wa pili, kisha hurudi. Mzunguko wa mwisho hauvuti, maana utepe uliovutwa sana mwishoni hurudi nyuma na kubanduka.

Utepe huu nao una mpaka wake. Haupendi joto kali. Waya uliochakaa mahali pengi haufai kufungwa. Wafaa kutupwa na kununuliwa mwingine. Fundi aliyefunga waya mmoja mahali kumi hakutengeneza kitu, ameficha hatari tu.

Utepe wa karatasi na skochi

Katika mji wa Saint Paul, Marekani, kijana Richard Drew alifanya kazi katika kampuni ya 3M iliyouza karatasi ya msasa. Siku zile watu walipenda motokari zenye rangi mbili. Wapaka rangi walifunika sehemu moja kwa karatasi na gundi kali, kisha wakapaka sehemu ya pili. Walipoondoa karatasi, rangi ikabanduka nayo. Drew aliwasikia wakikasirika. Akajaribu gundi nyingi, na mwaka 1925 akatoa utepe wa karatasi unaoshika vema na kutoka bila kuharibu rangi. Mafundi wa rangi wangali wakiutumia utepe wa namna hiyo.

Mwaka 1930 mtu yule yule alitoa utepe unaoonekana kama kioo, ulioitwa Scotch. Kwetu Kongo watu wengi huuita skochi tu, hata kama umetoka kampuni nyingine. Wakati ule shida ya fedha ilikuwa imeanza kuenea duniani, na watu walitengeneza vitu vyao vya zamani badala ya kununua vipya. Utepe huu uliwafaa sana.

Skochi ni nzuri kwa kufunga barua, kuvika daftari jalada na kuunga ukurasa uliopasuka. Lakini sikilizeni neno hili. Baada ya miaka mingi gundi ya skochi hugeuka kuwa ya manjano, huingia katika karatasi na kuacha alama isiyotoka. Kwa hiyo msiibandike juu ya hati ya kuzaliwa, juu ya diploma au juu ya picha ya babu. Hati iliyopasuka iwekeni katika mfuko wa plastiki ulio safi na mkavu, bila gundi. Yafaa kuwa na hati yenye mpasuko, kuliko kuwa na hati isiyosomeka.

Utepe mgumu wa kitambaa

Sasa tufike kwa utepe wenye nguvu kuliko hizo zote. Ni ule mpana wa rangi ya majivu. Mgongo wake ni wa plastiki isiyopitisha maji, katikati mna nyuzi za kitambaa, na chini mna gundi nyingi ya namna ya mpira. Hata hivyo mtu huupasua kwa mikono bila mkasi.

Wazo la utepe huu lilitoka kwa mama mmoja, jina lake Vesta Stoudt. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika kiwanda cha silaha katika Illinois, Marekani. Wana wake wawili walikuwa katika jeshi la majini. Visanduku vya risasi vilifungwa kwa utepe wa karatasi na nta. Mama Stoudt aliona ya kwamba karatasi ile ilikatika upesi, na askari aliye katika hatari angehangaika kufungua kisanduku chake. Akafikiri: utepe wa kitambaa usioingiza maji ungefaa zaidi. Aliwaambia wakubwa wa kiwanda, lakini jambo halikuendelea. Basi, mwezi wa Februari mwaka 1943 alimwandikia Rais Roosevelt mwenyewe, akachora na picha. Rais aliipeleka barua kwa wakuu wa kazi za vita. Wazo likakubaliwa, na kampuni ya Johnson & Johnson ikapewa kazi ya kutengeneza utepe huo. Mama wa kiwandani aliona kwa macho yake jambo ambalo wakubwa hawakulijali, wala hakunyamaza.

Mwezi wa Aprili mwaka 1970 utepe wa kitambaa ulisaidia kuokoa watu watatu. Waliitwa Lovell, Swigert na Haise, nao walikuwa wakienda mwezini katika chombo cha Apollo 13. Tangi la oksijeni lilipasuka walipokuwa mbali na dunia zaidi ya kilometa 300,000. Wakahamia katika chombo kidogo kilichotengenezwa kwa watu wawili. Pumzi mbaya waliyoitoa ikaanza kujaa ndani. Visanduku vya kusafisha hewa vilikuwapo vingine, lakini vilikuwa vya pembe nne, na nafasi yake ilikuwa ya mviringo. Mafundi wa Houston walikaa wakafikiri wakitumia tu vitu vilivyokuwamo chomboni: mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu, mabomba ya mavazi yao na utepe. Wakawasomea wale watatu kazi yote kwa redio, neno kwa neno. Wao wakafanya, hewa ikawa safi tena, na tarehe 17 Aprili wakarudi duniani wazima.

Lakini mwaka 1972 utepe ulishindwa. Cernan na Schmitt wa Apollo 17 walikuwa wakitembea juu ya mwezi kwa motokari ndogo. Kifuniko cha gurudumu moja kilivunjika, na vumbi likawarukia. Wakakifunga kwa utepe, lakini vumbi la mwezi lilikuwa limejaa kila mahali, gundi isishike vema, na kifuniko kikaanguka. Kesho yake waliunga ramani nne kwa utepe ndani ya chombo chao, mahali pasafi zaidi, wakazishikiza juu ya gurudumu kwa vibanio. Zikashika. Je, mnakumbuka jaribio la chupa mbili? Vumbi ni adui hata mwezini.

Kwetu utepe huu hufaa kwa hema au bashi iliyopasuka, kwa mfuko, kwa ndoo yenye ufa na kwa mpini wa ufagio. Kata kiraka chenye pembe za mviringo, maana pembe kali hubanduka kwanza. Bandika ndani na nje, ubonyeze kwa nguvu. Lakini msiutie juu ya kidonda wazi, wala juu ya kitu cha moto, wala juu ya breki ya baiskeli. Breki mbovu hutengenezwa na fundi, haifungwi kwa utepe. Chandarua chenye tundu nacho kisibandikwe. Kishoneni kwa sindano na uzi.

Tepe zisizo na gundi

Tepe nyingine hazina gundi. Fundi wa mabomba huzungusha utepe mweupe mwembamba juu ya meno ya bomba kabla ya kulikaza. Umetengenezwa kwa kitu kiitwacho tefloni, kilichovumbuliwa na Roy Plunkett mwaka 1938. Huuzungusha kwa kufuata upande wa kukazia bomba. Akizungusha kinyume, utepe hufunguka na maji huvuja.

Utepe wa pili twaujua sote, nao si wa ng'ambo. Ni ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa. Mafundi wetu wa baiskeli hufungia nao mizigo, na wakulima hufungia mpini wa jembe wenye ufa. Kwa nini hushika bila gundi? Ukiuvuta, hutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza, nao hukaza kila mzunguko. Hauogopi vumbi wala mafuta kama gundi. Katika Goma wenye chukudu, ile baiskeli ya mti inayobeba viazi na makaa, huvika hata magurudumu kwa mpira wa zamani. Vuteni ukanda, zungusheni mara nyingi, kisha pitisheni ncha chini ya mzunguko wa mwisho na kuikaza.

Sanduku dogo la safari

Mtu wa akili habebi duka zima. Katika kopo moja lenye kifuniko tieni rulo moja ya sparadra, shashi safi, sabuni kidogo, mkasi, utepe wa umeme na ukanda wa mpira. Utepe wa kitambaa zungusheni mita mbili au tatu juu ya penseli. Zatosha kwa njia. Kopo lisikae juani, maana joto huyeyusha gundi. Lisilowe.

Mtoto yule wa redio alitengeneza sanduku kama hilo. Juu ya kila rulo aliandika neno moja kwa herufi kubwa: NGOZI, UMEME, KARATASI, KITAMBAA. Mtu akimwomba utepe, yeye humwuliza kwanza: « Wa kazi gani? » Ufunguo wa sanduku anao dada yake mdogo. Yeye hasahau kuuliza, kwa sababu vidole vyake viwili vyamkumbusha.

Maulizo

1. Kwa nini sparadra haifai kufungia waya wa umeme?
2. Mjomba alifanya nini kwanza kabla ya kumwinua mtoto? Kwa nini?
3. Taja adui watatu wa utepe wa gundi.
4. Kwa nini hatuzungushi sparadra kidole chote na kuikaza?
5. Mama Vesta Stoudt aliona shida gani kiwandani, naye alifanya nini?
6. Ukanda wa mpira hushikaje bila gundi?
7. Tazama nyumbani kwenu: je, kuna kitu kilichofungwa kwa utepe usiofaa? Mwambie baba au mama.